Haijaota

Mvua ya kwanza ya Machi ilituamsha saa tisa usiku. Sisi wa Madale tulikuwa tumekaa na joto tangu Januari, lile joto la kaskazi ambalo shuka linakugandia mwilini na feni inazungusha hewa ileile ya moto, kwa hiyo bati lilipoanza kulia nilidhani naota. Nikatoka barazani pekupeku. Udongo ulikuwa unatoa ile harufu ambayo hakuna mtu anayeweza kuieleza lakini kila mtu anaijua. Mvua ilinyesha kama nusu saa, ikakata.

Kulipokucha nilikuwa bustanini na jembe. Matuta sita nilikuwa nimeyaandaa tangu Februari, samadi ya ng'ombe imeshapoa na kuchanganyika vizuri. Nikasia mchicha matuta matatu, figiri mawili, na la mwisho bamia. Saa mbili asubuhi nilikuwa njiani kwenda chuoni, udongo umejaa chini ya kucha, nina furaha kama mtoto siku ya Idi.

Jirani yangu, mzee wa Kizaramo, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo sisi wawili ni watani na haipiti siku bila kupigana madongo.

"Mnyamwezi, unakimbilia wapi? Hiyo ilikuwa mvua ya kulaza vumbi."

"Mzee wangu, mimi ni profesa wa mimea."

"Ndiyo maana nakwambia."

Mchicha uliota siku ya nne, kama vitabu vinavyosema. Figiri nayo ikatokeza. Matuta yangu yakawa na rangi ile ya kijani changa ambayo ukiitazama asubuhi unasahau deni lolote. Kisha jua likawaka siku tisa mfululizo. Simtanki langu lilikuwa limeshuka, nikawa namwagilia kwa ndoo mbili asubuhi na moja jioni, lakini jua la Machi saa sita mchana halina mchezo na mche wenye urefu wa ukucha. Siku ya kumi na tatu nilizunguka matuta yote na sikukuta hata jani moja la kumpa kuku.

Nimeanza na aibu hii ili msomaji ajue anazungumza na mtu wa aina gani. Nimefundisha fiziolojia ya mimea kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Chuo ninachofundisha sitakitaja, kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu peke yangu. Nimebakiza mihula miwili nistaafu. Wanafunzi wakidhani siwasikii huniita Bibi Shamba, na jina hilo nalipenda kuliko la uprofesa.

Nilipokuwa Uingereza nikisoma shahada ya uzamivu, niliona wenzetu wanavyopokea majira yao ya machipuko. Mwezi huohuo wa Machi, maua madogo yanatoboa ardhi ambayo juzi tu ilikuwa na theluji, wanafunzi wanavua makoti na kulala kwenye nyasi kana kwamba wametoka jela. Wenzangu wakaniuliza, kwenu machipuko ni lini? Nikajibu hatuna. Nilikosea. Tunayo, ila hayaji na baridi kuondoka. Yanakuja pale kaskazi inapolegea na kusi haijashika, bahari inatulia, na watu wa pwani wanaanza kutazama mawingu upande wa mashariki. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, na kila mtu anaubishia. Kumbikumbi wanatoka ardhini jioni na kuizingira taa. Vyura ambao hukujua walikuwa wapi wanaanza kelele bondeni.

Chuoni nako ni wakati wa mwanzo mpya. Muhula wa pili unafunguliwa, matokeo ya muhula wa kwanza yameshabandikwa, na nyuso zimegawanyika: kuna waliopita, kuna wenye supu, kuna aliyedisko ambaye kitanda chake hosteli kimeshapata mtu mwingine. Bumu likiingia, foleni ya chipsi inarefuka. Likichelewa, vimbweta vinajaa watu wanaosoma kwa bidii ili kusahau njaa. Tumbili wanajua ratiba hii kuliko ofisi ya taaluma. Wanajua hata saa ambayo mlinzi wa bustani yangu ya mafunzo anakwenda kunywa chai.

Nilisoma shahada ya kwanza Mlimani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati ule mshahara wa mhadhiri haukufika tarehe kumi na tano. Nyuma ya nyumba za walimu kulikuwa na mabanda ya kuku, migomba, matuta ya matembele, na kwa wengine ng'ombe wa maziwa. Tulikuwa na mwalimu mmoja aliyeingia darasani ananukia chakula cha kuku, na sisi tukawa tunachekea kwenye madaftari. Leo mimi ndiye ninayenukia samadi, na najua kwamba wanaocheka wapo.

Kila Machi, wiki ya pili ya muhula, nafundisha mada ninayoipenda kuliko zote: usingizi wa mbegu. Naanza na swali. Mmepewa mbegu tatu, ya mchicha, ya mkrismasi na nazi. Mmezipanda siku moja na kuzimwagilia sawa. Kwa nini mchicha umeota siku ya nne, nazi imechukua miezi mitatu na zaidi, na mkrismasi, kama hukuikwaruza ganda au kuimwagia maji ya moto, umekaa tu kwenye udongo wenye unyevu kama hausikii unaitwa?

Jibu ni kwamba mbegu nyingi za porini hazimwamini kila anayegonga mlango. Katikati ya karne iliyopita mtaalamu wa mimea Frits Went, akifanya kazi California, alionyesha kwamba kuna mimea ya jangwani ambayo mbegu zake haziamki kwa manyunyu. Ndani ya ganda kuna kemikali za kuzuia kuota, na mpaka inyeshe mvua ya kutosha kuziosha kemikali hizo, mbegu inaendelea kulala. Yaani mbegu inabeba kipimo chake cha mvua. Mvua ya kulaza vumbi haiwezi kuidanganya. Na kulala huko kunaweza kuwa kurefu sana. Mbegu ya mtende iliyochimbuliwa katika magofu ya Masada, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ilipandwa mwaka 2005 ikaota.

Mchicha wetu wa bustanini tumeuondolea uwezo huo. Kwa vizazi na vizazi mkulima alipenda mbegu zinazoota pamoja na upesi, na ndizo alizovuna na kuzitunza. Zile zilizochelewa hazikuingia kwenye mfuko wa mbegu. Hivyo mbegu ya kufugwa haijui tena kungoja. Mwenye kuipanda ndiye anayepaswa kungoja kwa niaba yake. Nimesema maneno haya darasani kila mwaka. Na mwaka huu nimemwaga mbegu kwa mvua ya nusu saa.

Mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, asingefanya hivyo. Kwetu Tabora mvua ni msimu mmoja, huanza Novemba, na ukikosea kupanda hakuna vuli wala masika ya kukuokoa. Alikuwa akiinama shambani, anachimba kwa mkono mpaka udongo unafika kwenye kifundo, anatoa konzi moja na kuifinya. Ikishikamana mpaka ya chini kabisa, anasema twende. Ikimwagika, anarudi nyumbani kuendelea na shughuli zake, hata kama majirani wote wako shambani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, kijana wa Chamazi, upande wa Temeke. Alikaa safu ya mwisho na mara nyingi alisinzia. Kipindi changu kilikuwa saa mbili asubuhi, na mimi simvumilii mtu anayesinzia saa mbili asubuhi. Muhula ule kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mbegu, kupanda ishirini, na kuandika kila siku zimeota ngapi, kwa siku ishirini na moja. Siku ya ishirini na mbili ripoti iwe mezani kwangu. Darasa zima, kwa akili za kawaida za wanafunzi, lilichagua mchicha, kunde na maharage.

Yeye alikuja ofisini siku kumi baada ya tarehe ya mwisho. Alisimama mlangoni, ameshika karatasi zake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Prof. Naomba nieleze."

Sikuitikia hata shikamoo. Nilikuwa na rundo la ripoti za kusahihisha, na nilikwisha kumweka kwenye fungu lake tangu Machi. Nikamuuliza kwa kejeli, "Mbegu ambayo siku ya ishirini na moja haijaota, tunaiandikaje?"

Akafikiri. "Inategemea, Prof."

"Haitegemei. Imekufa. Nenda."

Akaenda. Jioni nilikuta karatasi zake zimeingizwa chini ya mlango. Nikaziokota na kuzitupia kwenye droo pamoja na karatasi nyingine zisizo na mwenyewe. Alipata supu katika somo langu na siku ya supu hakutokea. Muhula uliofuata jina lake halikuwamo. Nawaambia ukweli: sikuuliza, na kabla ya Krismasi nilikuwa nimeshamsahau.

Jumamosi moja baada ya mchicha wangu kufa nilikwenda Mbagala kumsalimia mdogo wangu aliyejifungua. Kutoka Madale hadi Mbagala ni kama kusafiri mikoa miwili. Unaondoka na jua la asubuhi na unafika na la mchana. Mdogo wangu, aliponisikia nalalamika kuhusu matuta yangu, akaniambia kuna kijana anauza miche mizuri huko Chamazi, mbele ya uwanja wa Azam, nipite.

Nilikuta kitalu safi chini ya mkorosho. Miche ya nyanya, pilipili na nyanya chungu kwenye trei, mipapai kwenye viriba, miembe ya kubebesha imepangwa mistari. Kijana alikuwa ameinama anamwagilia kwa keni. Akanyanyuka.

"Shikamoo, Prof."

"Marahaba, mwanangu. Tunafahamiana?"

Akatabasamu kidogo. "Mimi yule wa mkongo."

Mkongo wa nini? Nikamtazama kama mtu anayetafuta miwani wakati ameivaa. Akaona sijakumbuka, akanisaidia, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema mbegu aliyochagua ilikuwa ya mkongo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, ambazo watoto wanachezea. Aliziokota chini ya mti mkubwa ambao babu yake alikataa usikatwe. Siku ya ishirini na moja hakuna hata moja iliyokuwa imeota. Angeweza kuandika sifuri na kukusanya ripoti kwa wakati. Lakini alikuwa ameikata mbegu moja kwa wembe akaona ndani ni nzima.

"Nikaona nikiandika zimekufa nitakuwa nimedanganya, Prof. Nikasubiri."

Nikamuuliza kuhusu kusinzia. Hapo alicheka. Baba yake alikuwa na bustani ya mchicha bondeni, na ndiyo iliyomlipia nauli na sehemu ya ada ambayo mkopo haukufikia. Alikuwa akiamka saa nane usiku, anavuna, anafunga mafungu, anayafikisha sokoni Rangi Tatu kabla ya alfajiri, kisha anapanda daladala mbili kuja kwenye kipindi changu. Aprili ile baba akapata kiharusi. Mtu wa kumwagilia alibaki mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

Niliuliza hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Hakujibu. Alinitazama tu, halafu akainama kuweka sawa kiriba kilichoegemea. Alikuja kuniambia. Alisimama mlangoni na karatasi zake.

Nilinunua trei mbili za nyanya chungu, moja ya pilipili, na mipapai minne. Nilitaka kumwachia chenji, akahesabu akanirudishia yote, shilingi kwa shilingi. Nikamwambia nitaangalia utaratibu wa kurudi masomoni, nitaandika barua, nitaongea na watu. Nilikuwa naongea haraka, kama mtu anayetaka kulipa deni kabla mdai hajageuka.

"Asante, Prof. Ila ngoja kwanza masika yapite. Huu ndio wakati ninaouza."

Kisha akaongeza, huku ananifungia miche kwenye boksi: "Na hii usiipande leo. Bado haijanyesha ya kweli."

Jumatatu nilifika ofisini mapema na kuvuta ile droo. Zilikuwemo karatasi za miaka, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Ripoti yake ilikuwa karibu na chini, kurasa saba, imeandikwa kwa mkono kwa Kiingereza chetu cha maabara. Jedwali limepigwa kwa rula. Siku ya 1 hadi ya 21, safu ya waliotokeza ni sifuri tupu. Lakini pembeni, kwa penseli, kwa Kiswahili, alikuwa akiandika maneno yake mwenyewe ambayo nadhani hakukusudia niyaone. Siku ya 10: "Bado." Siku ya 16: "Bado. Udongo una unyevu." Siku ya 21: "Nimekata moja. Nzima. Nasubiri." Siku ya 24 zimeota mbili. Siku ya 31 zimeota kumi na moja kati ya kumi na tisa, na chini yake amechora mche mmoja ukiwa umebeba vipande vya mbegu yake kichwani, mchoro mzuri kuliko ulio kwenye kitabu ninachofundishia.

Ukienda maabara yoyote inayopima mbegu kwa kufuata taratibu za kimataifa, utakuta kwamba muda wa jaribio ukiisha, mbegu ambazo hazijaota haziandikwi kwa neno moja. Zinakaguliwa moja moja. Kuna iliyo ngumu, ambayo maji hayajaingia. Kuna iliyo hai lakini imelala. Na kuna iliyokufa, ambayo ukiibinya inabonyea na kutoa maji ya uozo. Huwezi kujua ni ipi mpaka uishike kwa vidole vyako. Jambo hili nalijua tangu nikiwa na umri wa miaka ishirini na tatu. Kijana alinijibu sawasawa aliposema inategemea. Alijibu kama mwanasayansi, na mimi nikamjibu kama mlinzi wa geti.

Siandiki haya ili kusema kwamba tarehe za mwisho zifutwe. Bila tarehe chuo hakiendi, na mkulima asiye na tarehe analala njaa. Wapo pia wanafunzi wavivu, nimewafundisha, na mbegu zilizooza zipo. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Vyuo vyetu vimefanya kama mkulima wa mchicha: vinatunza wanaoota siku ya nne, na wengi wa hao ni wale waliopandwa kwenye samadi na kumwagiliwa tangu utotoni. Hilo huenda halikwepeki. Lakini kati ya "hajaota" na "amekufa" kuna mkono wa mwalimu, na mimi mkono wangu niliuweka mfukoni. Usiku ule nilijaribu kuhesabu ni wangapi nimewaandika hivyo katika miaka yote hii. Nikashindwa, kwa sababu wale ndio hasa ambao sikumbuki majina yao.

Mvua ya kweli ilikuja wiki iliyofuata, siku mbili usiku na mchana, ikafanya barabara yetu ya Madale mto. Ilipotulia sikukimbilia jembe. Niliinama kwenye tuta la kwanza nikachimba kwa mkono mpaka udongo ukafika kwenye kifundo, nikatoa konzi moja ya chini kabisa na kuifinya. Ilishikamana. Mzee jirani alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda chake.

"Leo nani kakufundisha, Mnyamwezi?"

"Mwanafunzi wangu," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunijibu.

Nimepanda miche yake yote. Kwenye tuta la bamia, ambalo nilidhani limekufa pamoja na mengine, zimejitokeza mbegu tano ambazo mvua ile ya kwanza haikuziamsha. Maganda yao ni magumu kidogo kuliko ya mchicha, nilipaswa kujua. Sikuzing'oa wala kuzisifu. Nimeziachia nafasi tu.

Barua ya kumwombea kijana nimeshaiandika, sijaituma. Ameniambia ningoje, nami nangoja. Masika yataisha mwezi wa tano. Ripoti yake sikuirudisha kwenye droo. Iko mezani, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa saba, na pale kwenye alama sijajaza kitu, kwa sababu nataka nimkabidhi akiwa amesimama mbele yangu na nimeitikia shikamoo yake.